Wageni Wawili Kwenye Boti ya Rayya

Wenzangu wa gahawa, tangu nirudi kila mmoja wenu ananiuliza kwa wakati wake, nami namjibu kipande kipande baina ya kikombe na kikombe, mpaka habari zimechanganyika. Mmoja kasikia kwamba nilizama. Mwengine kasikia kwamba Rayya kaolewa na Mtaliana. Sikuzama, na Rayya hajaolewa. Nimeona bora niandike yote mara moja, muyasome, halafu mniache nipumzike.

Mnanijua. Nimesomesha jografia skuli ya wasichana hapa Ibra miaka ishirini na saba. Italia nimeichora ubaoni kwa chaki ya kijani mara zisizo idadi, na wapo kati ya binti zenu niliowasimamisha pembeni kwa kuisahau Sisilia. Kwa hivyo nilipotoka nyumbani sikuwa na wasiwasi hata chembe. Someni sasa mwone jinsi mwalimu wenu alivyofika huko akawa hajui hata mashariki iko wapi.

Ibra hadi Maskati

Kwanza sababu ya safari, maana hapo ndipo wengi mmepotea. Rayya ni kitindamimba wetu. Alikuwa Salerno, kusini ya Italia, mwaka wa nne sasa, anasomea kutengeneza majumba ya kale. Masomo yamekwisha mwezi wa sita. Nizwa kuna watu wanaofufua mitaa ya zamani ya udongo, wamemwekea nafasi, wanataka jawabu kabla mwezi haujakatika. Na huko Salerno nako kuna ofisi iliyomtaka kwa miaka miwili. Kila tukimpigia simu anasema, "Nitakwambieni, inshallah." Wiki tatu tunaambiwa inshallah.

Hamed, mume wangu, hakuweza kwenda kwa sababu ule ndio mwezi wa kupika mabsli, zile tende za kuchemsha. Tende zimeshakatwa, masufuria makubwa ya shaba yako juu ya moto, na yeye hamwamini mtu na masufuria yake.

"Nenda wewe," aliniambia. "Usirudi bila ya jawabu."

Basi tukaondoka asubuhi. Tulipofika karibu ya nusu ya njia nikakumbuka kwamba nimeisahau chupa ya gahawa, ile ya chuma yenye kifuniko chekundu, pamoja na iliki yote. Hamed aligeuza gari, tukarudi Ibra, nikachukua chupa, tukaanza upya. Kwa saa tatu na zaidi za barabarani alisema maneno matatu tu: kwamba kiyoyozi kinavuja, kwamba lori lile mbele limezidisha mzigo, na kwamba Rayya alikuwa akipenda kukaa kiti cha nyuma cha kulia. Uwanja wa ndege akanishusha, akanipa mkono kama mgeni, akarudi kwenye tende zake.

Roma, na treni ya kwenda kusini

Ndege haina hadithi. Nililala, nikaamshwa nile, nikalala. Mambo yaliharibika stesheni ya treni ya Roma. Jamani, ile si stesheni, ni mji. Rayya alikuwa amenieleza kwa simu: shuka, geuka kulia, tazama ubao, tafuta namba ya njia. Nikatazama ubao. Kila nikiisoma namba, inabadilika. Nikaenda njia ya nane, watu wote wakaondoka kukimbilia ya kumi na tisa. Nikawafuata na sanduku langu. Kumbe wale walikuwa wanakwenda kaskazini. Niliulizia kwa Kiingereza changu cha darasani, kila mtu akanijibu kwa mikono, na mikono ya kila mtu ilielekea upande wake. Treni yangu iliondoka naiona.

Nilipanda iliyofuata, saa moja baadaye. Nikaingia behewani nikasema "Assalamu alaikum," kama tunavyoingia popote penye watu. Vichwa vikainuka kutoka kwenye simu, vikanitazama, vikarudi chini. Nikadhani hawakusikia. Nikasema tena kwa sauti ya mwalimu. Bibi mmoja akashtuka, akaliondoa begi lake kwenye kiti akidhani nataka kukaa pale pale ubavuni mwake.

Nikakaa. Nikaona vibaya kula peke yangu, nikafungua kopo la tende nikampitishia bwana wa mbele yangu, mtu mzima mwenye suti na miwani. Akachukua tatu, akatafuna taratibu, akafumba macho. Halafu akatoa mfuko wa sarafu akanipa yuro mbili. Nikakataa. Akaongeza moja. Nikatikisa kichwa, nikaweka mkono kifuani, nikamsukumia kopo zima. Yule bwana akadhani nimepandisha bei, akasema neno la huzuni, akageukia dirishani. Mpaka Salerno hakunitazama tena, na zile yuro tatu alikuwa ameshaziacha juu ya meza ndogo baina yetu. Sikujua nizifanye nini. Nilishuka nikaziacha.

Salerno

Rayya alinipokea kwenye ngazi za stesheni. "Shikamoo, mama," akanikumbatia, akalia kidogo, nami nikalia zaidi. Kakonda. Nywele kazikata chini ya mtandio, nilizihisi kwa mkono.

Anakaa ghorofa ya tano, na lifti hakuna. Kila ghorofa kulikuwa na mlango wazi na mtu anayemsalimu kwa jina, na yeye anajibu kwa Kitaliana haraka haraka, mtu asingejua kwamba ni mtoto wa Ibra. Chumbani kuta zote zimejaa michoro ya majumba yaliyopasuka. Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu kwa macho, masanduku. Mtu aliyemaliza masomo na anataka kurudi kwao, masanduku yake huwa yako sakafuni, nusu yamejaa. Niliona sanduku moja, juu ya kabati, na juu yake chungu cha maua.

Akanipikia tambi na kome. Kome wenyewe wamo ndani ya magamba yao, mtu anapewa kazi ya kuwatoa wakati ana njaa. Nilikula mkate na nyanya, na nyanya zao, haki ya Mungu, tamu.

"Rayya," nikamwambia, "umeshaamua?"

"Kesho, mama. Nimekodi boti Amalfi. Tutatembea kwa bahari mpaka jua lizame. Sisi wawili tu na nahodha. Pale nitakuambia."

"Boti ya nini? Mdomo si unao hapa?"

"Mama, wallah, hapa siwezi. Kila mtu anaingia, anatoka. Nataka mahali hakuna mtu." Akanishika mkono. "Ni zawadi yangu kwako. Usikatae."

Sikukataa. Lakini usingizi ulinipaa. Mtu anayetaka kukupa habari njema hakukodii boti kwanza.

Amalfi, gatini

Tulikwenda kwa basi. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, chini bahari, juu mwamba, na dereva anapiga honi kila kona kama anaomba dua. Mliokwenda Dima wa Tayyin, kule milimani kwetu, zamani, kabla ya lami, mnaijua hali ile. Mashamba yao ya milimau yamepangwa ngazi kwa ngazi kama ya kwetu milimani, isipokuwa yamefunikwa vyandarua vyeusi. Nilimwambia Rayya, "Hawa nao wanateseka na mawe." Akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu nifike.

Tukafika gatini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa magharibi, udhu ninao, na jua bado liko juu. Nikamuuliza Rayya kama nahodha amekosea siku. Akanambia huku wakati wa kiangazi jua halizami mpaka watu wameshapika chakula cha usiku. Haya ningepaswa kuyajua. Nimeyasomesha. Lakini kulijua jambo hilo kwa chaki hakukunisaidia kitu nilipokuwa natoka jasho ndani ya abaya.

Boti ilikuwa ya mbao, nyeupe, mito ya buluu kila upande, nafasi ya watu kumi bila ya kubanana. Katikati meza: mikate, jibini, zaituni, matikiti, samaki wa kukaanga, maji ya machungwa. Nahodha anaitwa Ciro, mwanamme mfupi mwenye ndevu za mvi, alitusaidia kupanda, halafu akasema kitu kuhusu mafuta akaondoka. Tukakaa. Dakika kumi, dakika ishirini, Ciro hajarudi.

Mbele yetu hasa, hatua tano, kulikuwa na benchi. Kwenye benchi wamekaa wazee wawili, mume na mke, na mifuko yao ya sokoni miguuni. Wanatutazama. Hawakuwa na pengine pa kutazama, sisi ndio tulikuwa mbele yao. Na sisi tumekaa kivulini, na meza imejaa.

Nyinyi hamna haja ya kuelezwa, lakini wajukuu zenu watakaosoma haya labda wana haja. Mtu wa kwetu hawezi kukaa na chakula mbele ya macho ya mtu mwengine asimkaribishe. Ukiwa barazani na gahawa yako, anapita jirani, unamwambia "tafadhal," yeye anaweka mkono kifuani, anasema "Allah yibarik fik," Mungu akubariki, anapita zake. Unamwambia mara tatu, anakataa mara tatu, na kila mtu anabaki na heshima yake. Anayepita anajua kwamba kazi yake ni kukataa. Ndivyo tulivyolelewa, na hata Tabora kwa marehemu bibi yangu, mbali na Omani, ilikuwa hivyo hivyo.

Basi nikainua mkono nikasema, "Tafadhalini, karibuni." Wakatazamana. Nikasema mara ya pili, nikawaonyesha meza. Yule bibi akajigusa kifua akaniuliza kwa macho, sisi? Mara ya tatu nikasimama, maana ya tatu ndiyo ya kumalizia, na nikaonyesha mito.

Wakainuka. Wakachukua mifuko yao. Wakapanda botini.

Rayya alikuwa anatazama simu. Alipoinua kichwa, yule mzee alikuwa ameshavua kofia na ameshakaa, na mkewe ananipa mkono anajitaja: Assunta. Mume wake Vito.

"Mama," Rayya alisema kwa sauti ndogo sana, "umefanya nini?"

"Nimewakaribisha."

"Hii boti nimekodi kwa sisi wawili!"

"Mimi nilijua kwamba watapanda? Waambie wewe washuke."

Hakuweza. Ni mtoto wangu, amenyonya maziwa yangu pamoja na adabu yangu. Alizungumza nao kidogo, akageuka na uso uliokufa. Basi lao la kurudi kwao halikuja tangu mchana. Wanakaa kijiji kinachoitwa Cetara. Walipoona nawaita, walimshukuru Mungu, wakajua kwamba mimi ni mwenye boti na nimewaonea huruma.

Ciro akarudi na galoni la mafuta, akaona watu wanne badala ya wawili. Akaniuliza mimi, niliye mama, kwa ishara, twende wapi. Nikamwambia Rayya amwambie twende Cetara tuwapeleke wageni. Ciro akaonyesha upande mmoja akasema neno. Rayya akaonyesha upande mwengine akasema maneno mengi.

"Anasema nini?"

"Anasema jua linazama kule, mama. Cetara iko huku."

Ndivyo tulivyoondoka kwenda kulitazama jua likizama, na jua liko mgongoni mwetu.

Amalfi hadi Cetara

Nilifanya kazi ya mwenye nyumba, maana nilishakuwa mwenye nyumba. Nikawakatia tikiti, nikatoa halua, nikamimina gahawa. Vito akanywa kikombe, akakirudisha. Nikamimina. Akanywa, akakirudisha. Nikamimina. Kwa kuwa hakitikisi kikombe, mimi nafahamu kwamba bado anataka. Kikombe cha saba macho yalimtoka na jasho likamshika kwenye paji la uso. Rayya akamwambia jambo, akakitikisa kile kikombe kwa nguvu mpaka matone yakaruka, na mke wake akacheka hadi akajifuta machozi. Hata Rayya alicheka, akakumbuka kwamba amekasirika, akaacha.

Assunta ni mwanamke mnene, mikono imeungua na kazi, na ana maswali. Nina watoto wangapi? Wanne, nikasema kwa kupitia Rayya. Wako wapi? Mmoja kazini Sur, wawili Maskati, na huyu. Yeye anao watatu: mmoja Torino, mmoja Ujarumani, na mmoja, akaonyesha angani, sikujua kama kafariki au yuko Marekani. Niliona haya kuuliza. Nilisema "Innalillahi" kimoyomoyo kwa tahadhari.

Halafu akamgeukia Rayya, akamuuliza kitu kifupi.

Rayya alinitazama mimi, akayatazama maji, ndipo akaanza. Alizungumza kirefu. Nilisikia jina la Nizwa, nikasikia Salerno, nikasikia "mamma." Mkono wake ulikuwa kifuani. Vito aliacha kutafuna. Ciro, ambaye alikuwa anatuonyesha mapango na majumba, akapunguza mashine ili asikie vizuri.

Nilifahamu kitu kimoja: lile ndilo jawabu. Lile jawabu nililopandia ndege, linatolewa mbele yangu, hatua moja kutoka magotini mwangu, na watu wote ndani ya boti wanalifahamu ila mimi. Nilitazama uso wa Assunta kutafuta maana. Kama angefurahi ningejua. Kama angesikitika ningejua. Alikuwa anafanya yote mawili.

Alisimama, boti ikayumba, akanishika uso kwa mikono yake miwili akanibusu huku na huku, halafu akaibusu mikono yangu. Analia. Ananambia maneno.

"Anasema nini? Rayya, anasema nini huyu?"

"Anasema wewe mama mwenye moyo mkubwa."

"Kwa nini? Kwa ajili ya lifti?"

Rayya akageuza uso. "Ndiyo, mama. Kwa ajili ya lifti."

Nikaona lifti ya boti haistahili kubusiwa mikono, lakini nchi za watu, mtu anasema nini.

Cetara

Ni bandari ndogo, nyumba zimepandana, na harufu ya samaki wa chumvi imekaa kila mahali, nikajihisi niko Sur sokoni. Tuliwashusha. Assunta akatuonyesha nyumba yao, dirisha lenye pazia la njano, akatuita kwa mkono tupande tukale. Chakula kiko tayari, kwa ishara za tumbo na kijiko. Na mimi, niwaambieni kweli, nilitaka. Nilitaka kukaa jikoni kwa mwanamke mwenzangu nimuulize kwa ishara kile alichoambiwa.

Nikaweka mkono kifuani nikasema, "Hapana, asante, tumeshiba," nikangoja aniombe mara ya pili.

Assunta akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanibusu tena, akachukua mifuko yake. Wakaenda zao wakipunga mikono. Mlango ukafungwa.

Nikabaki pale gatini na mkono kifuani.

"Umesema hapana, mama," Rayya alinambia.

"Nimesema mara moja tu!"

"Huku mara moja inatosha."

Kurudi Amalfi

Tukageuka. Sasa jua lilikuwa mbele yetu, kubwa, na bahari yote imekuwa ya shaba. Ciro alitazama mbele, hakutuonyesha tena kitu. Watatu tumebaki ndani ya boti ya watu kumi.

"Umewaita makusudi?" Rayya aliuliza.

"Makusudi vipi?"

"Ulijua nitakuambia. Ukaogopa, ukajaza watu."

Nilimwapia kwamba sivyo. Nilikasirika hata, nikamwambia kwamba adabu ya kwao keshaisahau. Lakini nakuandikieni hapa ambacho sikumwambia: sijui. Mara mbili za kwanza nilizisema kwa ulimi, kama tunavyosema. Ile ya tatu nilisimama. Kwa nini nilisimama? Mpaka leo najiuliza.

"Ulimwambia nini yule bibi?"

"Aliuliza, mama yako amekuja kukuchukua? Nikamwambia hapana. Mama yangu mwenyewe aliniambia nikae."

"Mimi?"

"Mwezi wa tatu, kwa simu. Nilikuambia nimepata kazi huku, miaka miwili. Ukasema, kaa tu mwanangu, sisi hatuna neno. Nikakuuliza tena, ukasema hivyo hivyo. Mara ya tatu ukasema, usitufikirie sisi. Wiki ile ile nikatia saini. Miezi hii yote sijui namna ya kukuambieni. Yule bibi alisema, watoto wake walipotaka kuondoka, yeye alijifungia chumbani siku mbili. Alisema hajaona mama kama wewe."

Wenzangu, nilikumbuka siku ile. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Nilisema maneno yale yote, kwa sauti nzuri, na nilipokata simu nikamwambia Hamed, "Nimemwambia akae, yaani atakataa. Atarudi, inshallah." Na Hamed akaridhika. Tukawa tunangoja akatae. Na mimi ndiye niliyekuwa nimebusiwa mikono kwa ajili ya hayo.

"Rayya," nikasema, "yale yalikuwa maneno tu. Wewe ulitakiwa ukatae."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Mimi nimezaliwa Ibra. Sijui karibu ya mdomo? Nilijua unataka niseme hapana. Lakini ile kazi nilitaka sana. Nikajifanya sijui."

Nilihisi kama nimepigwa kofi, na aliyenipiga analia kuliko mimi. Akaendelea, na sasa Kiswahili chake kilikuwa kimeshaingiliana na Kiarabu kama anavyozungumza akiwa na dhiki: "Na nyinyi, wallah, hamjaniambia hata siku moja kama mnanitaka. Kila siku Nizwa wanataka jawabu, Nizwa wanangoja. Aish Nizwa, Nizwa kitu gani? Mimi nangoja mtu aseme sisi tunakutaka. Hakuna. Basi nikasema, khalas, labda kweli hawana neno."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Neno lenyewe halikuwa refu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Umekula?"

Rayya akacheka na machozi yanamtoka. Akaniwekea kichwa begani.

Jua halikuzama baharini kama kwenye picha. Lilijificha nyuma ya mlima, mara moja, na kukawa na ubaridi. Ciro akatuuliza kama tunataka asimame, alikuwa amemwona Rayya akitoa mswala. Akazima mashine. Rayya akatafuta kibla kwa simu, tukasimama pamoja, tukaanza kusali. Sasa boti iliyozimwa mashine haitulii, inazunguka. Tulikabili kusini mashariki kwa takbiri, na tulipotoa salamu tulikuwa tumekabili mashamba ya milimau. Mungu anajua nia. Katika sijda ya mwisho nililia sana, nikaomba nipewe ulimi wa kusema ninachotaka. Nilikaa siku sita nyengine Salerno. Nilimfulia, nilimpikia wali wa nazi, nilimshonea vifungo. Sikusema.

Maskati hadi Ibra

Hamed alikuja kunipokea na gari kubwa, ile ya kubebea tende, kaifagia kote. Alisimama kwenye kizuizi cha wanaowasili. Aliponiona hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu. Milango ikafunguka wakatoka watu wengine, ikajifunga, ikafunguka tena. Alingoja mpaka ikajifunga mara ya tatu.

Tukaenda kwenye gari. Joto linapanda kutoka chini mpaka magotini. Alipakia sanduku, akakaa nyuma ya usukani, hakuwasha.

"Kakataa?" aliuliza.

Njia nzima angani nilikuwa nimepanga maneno: kazi nzuri, miaka miwili si kitu, Nizwa haihami. Yote yakanipotea.

"Hakukataa," nikasema. "Hatukumwomba."

Nikamweleza habari ya simu ya vitunguu. Nikamweleza kwamba mtoto alikuwa anangoja. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya usukani, na kucha zake bado nyeusi kwa tende. Halafu akatoa simu. Nyinyi mnamjua Hamed, simu kwake ni ya kuuliza bei ya magunia. Akapiga, akaiweka baina yetu.

"Shikamoo, baba. Mama kafika?"

"Marahaba. Kafika." Nikadhani atauliza hali ya hewa. "Rayya. Nakutaka hapa. Nyumba haina mtu."

Nikaisogelea simu nisikie.

"Baba," akasema, "nimeshatia saini. Miaka miwili."

"Najua. Sijakupigia uje," Hamed akasema. "Nimekupigia ujue."

Halafu akawasha gari.